Pembe si kuni: ukiikata umefungua fuvu

JE, msomaji, umewahi kuona ng'ombe akipumua kupitia kichwani?

Mimi nimeona. Ilikuwa asubuhi ya baridi katika boma moja upande wa Butsotso, hapa Lurambi, si mbali sana na mji wa Kakamega. Ng'ombe wa maziwa, aliyekwisha kuzaa mara moja, alikuwa amefungwa kwenye mparachichi. Vijana watatu walimkamata kwa nguvu zao zote. Wa nne alishika waya wa kukatia pembe, akauvuta huku na huku mpaka ukaanza kufuka moshi. Hapakuwa na sindano ya ganzi. Mnyama alilia kwa sauti iliyonifanya nitazame kando.

Pembe ilipoanguka, damu iliruka mpaka kwenye shina la mti. Ilipopungua, tuliona tundu lililoweza kuingiza kidole gumba. Kutoka katika tundu hilo mvuke ulianza kupanda, ukakatika, ukapanda tena, sawasawa na mwendo wa pumzi. Baada ya muda mfupi damu ikatiririka puani, upande uleule wa pembe iliyokatwa.

Mama mwenye ng'ombe alinigeukia na kuniuliza: "Mwanangu, sisi tumekata pembe. Mbona damu inatoka puani?"

Msomaji, swali la mama yule ndilo lililonifanya nishike kalamu. Laiti kila mfugaji angeliuliza kabla ya kushika msumeno, wala si baadaye, mateso mengi ya mifugo yangepungua. Isitoshe, hasara nyingi zinazoingia katika jikoni zetu zingeepukika.

Mashine iliyoanza na ubongo wa ng'ombe

Jibu la swali hilo limo katika picha za mashine ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la siti skani. Aghalabu jina hilo hutufikia siku ya msiba, pale jamaa anapoanguka bodaboda na daktari kusema kwamba lazima kichwa chake kipigwe picha ili ijulikane kama damu imevuja ndani.

Picha ya kawaida ya eksirei hulaza kila kitu pamoja. Mfupa wa mbele na wa nyuma huonekana kama umebandikwa juu ya mwenzake. Siti skani hufanya kazi tofauti. Miale hupita katika kichwa kutoka pande nyingi, kisha kompyuta hukusanya vipimo hivyo na kuchora kichwa vipande vipande, mithili ya mkate uliokatwa slesi. Daktari huweza kuangalia slesi moja baada ya nyingine bila kupasua ngozi.

Yafaa ieleweke kwamba ng'ombe amekuwa karibu na mashine hii tangu ilipobuniwa. Mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya EMI, alipokuwa akiijaribu alitumia ubongo wa ng'ombe uliotoka kichinjioni kabla ya kuthubutu kumlaza mgonjwa. Jaribio lake la mwanzo kabisa lilichukua siku 9 kukusanya vipimo vya picha moja tu. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha mjini London tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka wa 1979 Hounsfield alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye alikuwa ameanza kufikiria hesabu za jambo hilo akiwa Cape Town.

Kwa hiyo asikucheke mtu ukisema kwamba kichwa cha ng'ombe kinastahili kuingizwa katika mashine ya kisasa. Tangu hapo wataalamu wa mifugo katika nchi mbalimbali wamepiga picha vichwa vya ng'ombe, mbuzi, kondoo na hata kongoni ili waelewe jinsi fuvu lilivyojengwa.

Pembe ni chumba cha pua

Picha hizo zaonyesha nini? Zaonyesha kwamba paji la uso la ng'ombe mzima si mfupa mmoja mnene, kama tunavyodhani tukiligonga kwa kidole. Ni mifupa miwili myembamba yenye nafasi kubwa katikati. Nafasi hiyo imegawanywa kwa kuta nyembamba za mfupa, mfano wa nyumba yenye vyumba vingi vidogo. Ndivyo vyumba vya hewa ambavyo madaktari huviita sainasi. Binadamu pia anavyo, na yeyote aliyewahi kusumbuliwa na mafua yasiyoisha, kichwa kikawa kizito juu ya macho, anajua uchungu wake.

Lakini vya ng'ombe ni vikubwa ajabu. Vinaanzia karibu na macho, vinapanda paji lote, vinazunguka juu na nyuma ya ubongo, na katika ng'ombe mzima vinaingia ndani ya pembe yenyewe. Tena, vyumba vyote hivi vina njia ya kupitisha hewa mpaka puani.

Hapo ndipo penye jibu la yule mama. Pembe si kama ukucha au unywele. Ganda la nje ni gumu na halina uhai, hilo ni kweli. Lakini ndani ya ganda hilo mna mfupa unaotoka moja kwa moja katika fuvu, na mfupa huo una damu, una neva, na katika ng'ombe aliyekomaa una uwazi. Ukiikata pembe karibu na kichwa, umefungua fuvu. Ule mvuke tuliouona ulikuwa pumzi yake, na damu iliyotoka puani ilikuwa imepita katika vyumba hivyohivyo.

Picha za siti skani zafundisha jambo jingine ambalo ni muhimu kwa mfugaji: vyumba hivi havilingani. Hutofautiana kati ya ng'ombe na ng'ombe, na hata kati ya upande wa kulia na wa kushoto wa kichwa kimoja. Mtu hawezi kukadiria kwa macho ni wapi uwazi unaanzia. Kwa hivyo anayesema "nitakata juu kidogo tu, hakutakuwa na shida" anabahatisha.

Ndama hana chumba hicho

Sasa, msomaji, sikiliza habari njema. Ndama hazaliwi na vyumba hivyo vikiwa vimefika katika pembe. Wakati wa kuzaliwa pembe ni kichipukizi tu katika ngozi, wala hakijashikana na fuvu. Ukikigusa chaweza kusogea pamoja na ngozi. Hushikana na mfupa ndama anapokaribia umri wa miezi 2. Baadaye, kati ya miezi 6 na 8 hivi, uwazi wa fuvu huanza kuingia katika pembe inayokua.

Maana yake ni nini? Ni kwamba kazi ileile ina majina mawili tofauti kulingana na umri. Kumwondolea ndama wa wiki tatu kichipukizi ni kuunguza sehemu ndogo ya ngozi. Kumkata pembe ng'ombe wa miaka mitatu ni upasuaji wa kichwa. Wahenga walinena samaki mkunje angali mbichi, na hapa methali hiyo yafaa kubandikwa kwenye mlango wa kila zizi.

Hata hivyo, nisieleweke kuwa nasema ndama haumii. Kichipukizi kina neva inayopita kati ya jicho na mahali pembe inapoota. Daktari wa mifugo anaijua njia hiyo, na kwa sindano ya ganzi upande huu na ule anaweza kumwondolea ndama maumivu ya chuma cha moto. Ganzi ikiisha baada ya muda mfupi uchungu hurudi, na kwa sababu hiyo yafaa apewe pia dawa ya kutuliza maumivu. Tena fuvu la ndama ni jembamba. Chuma kikishikiliwa kwa muda mrefu joto huweza kupenya mpaka kwenye ubongo. Kwa mwanambuzi hatari hiyo ni kubwa zaidi, maana fuvu lake ni jembamba kuliko la ndama. Hii si kazi ya kujifunzia kwa kubahatisha nyuma ya jiko.

Yanayofuata jeraha

Wengine watasema: "Baba zetu walikata pembe kwa msumeno na ng'ombe wakapona." Ni kweli kwamba wengi hupona. Lakini swali ni kuhusu wale wasiopona, na ni nani anayelipa.

Tundu likibaki wazi, vumbi la majani makavu huingia, maji ya mvua huingia, na inzi hutaga mayai yakawa funza. Pepopunda nao ni hatari ya kila jeraha la aina hii. Uchafu ukifika ndani ya vyumba, usaha hujikusanya mahali ambapo hauwezi kutoka kwa urahisi. Huenda dalili zisionekane mpaka baada ya wiki kadhaa, wakati mwenye ng'ombe amekwisha sahau kabisa habari za pembe. Usaha wenye harufu mbaya hutoka katika tundu moja la pua. Mnyama huinamisha kichwa upande mmoja, hufumba jicho nusu, huacha kula, na maziwa hupungua. Ukiligonga paji lake kwa kidole, upande wenye ugonjwa hutoa sauti nzito badala ya ile ya mtungi mtupu.

Ng'ombe wa yule mama alipitia hayo. Nilipomtembelea tena mwezi uliofuata, alikuwa akidungwa sindano za antibiotiki, na mama alikuwa akimwaga maziwa asubuhi na jioni kama alivyoagizwa. Nilimsifu kwa uaminifu wake. Si wote wanaoweza kumwaga maziwa ilhali karo ya mtoto inadaiwa.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mifugo peke yake na kuwa la afya yetu sote. Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa kwa antibiotiki hubaki na mabaki ya dawa kwa siku kadhaa. Kuyachemsha huua viini vingi, lakini hakuondoi kwa uhakika mabaki hayo. Kuna watu ambao miili yao huchukizwa na dawa hizo hata kwa kiasi kidogo. Aidha, matumizi ya ovyo ya antibiotiki husaidia kuzalisha viini sugu, na viini hivyo havibagui kati ya zizi na nyumba. Jeraha moja lililofunguliwa bila sababu huweza kuishia katika chupa ya mtoto wa jirani.

Na wenye mafahali je?

Siwezi kuandika juu ya pembe katika Kakamega bila kuwataja wenye mafahali wa vita. Majirani zetu wa Isukha na Idakho, kule Shinyalu na Ikolomani, wana mchezo wao wa kupiganisha mafahali, na umati hutoka Lurambi kwenda kushangilia. Wao hawataki pembe ikatwe, na leo sikusudii kuwahukumu kwa mapenzi yao.

Nawaomba tu wafahamu mambo mawili. La kwanza, pembe iliyovunjika shinani katika pambano ni fuvu lililovunjika, na chumba kile kile kimefunguka. Kuipaka majivu au mafuta ya gari hakutoshi. Mwite daktari siku hiyohiyo. Anayenoa pembe naye akumbuke kwamba ncha yake ni ganda gumu, lakini akizidi kushuka atafika kwenye mfupa ulio hai.

La pili, tusidanganyike kwamba vyumba vya hewa ni kofia ya chuma. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba vipo ili kupunguza kishindo wanyama wanapogongana vichwa. Mtaalamu Mmarekani Andrew Farke alilichunguza jambo hilo kwa mbuzi katika utafiti uliotolewa mwaka wa 2008, akitumia picha za siti skani na hesabu za kompyuta, na hakupata ushahidi wa wazi kwamba vyumba hivyo ndivyo ngao. Mwaka wa 2022 watafiti wengine wa Marekani walichunguza bongo za wanyama pori wa jamii ya ng'ombe na kondoo ambao hugongana vichwa, wakakuta alama zinazofanana na za majeraha ya ubongo kwa binadamu. Unene wa paji si hakikisho la usalama wa kilichomo ndani.

Tusingoje mashine

Najua utaniuliza: "Wagonjwa wanapanga foleni ya siti skani, nawe wataka ng'ombe aingie?" La hasha! Simwombi mgonjwa yeyote ampishe ng'ombe. Meza ya mashine ya hospitali haikutengenezewa uzito wa ng'ombe mzima hata kidogo, na kichwa kibichi kutoka kichinjioni hakifai kuingizwa ovyo katika chumba cha wagonjwa.

Ninachosema ni kwamba maarifa yamekwisha patikana, na sisi tuna njia ya kuyaona kwa macho yetu kwa gharama ndogo. Kila siku vichwa vya ng'ombe hutoka vichinjioni na kuuzwa kwa ajili ya supu. Chukua kimoja, kikatwe kwa msumeno katikati kutoka pembeni mpaka puani, na kila mfugaji atakayekitazama ataelewa kwa dakika tano mambo ambayo mimi nimetumia ukurasa mzima kuyaeleza. Kichwa cha ndama aliyekufa kikiwekwa kando yake, somo limekamilika.

Hapa Lurambi hatuna sababu ya kushindwa. Tuna Chuo cha Kilimo cha Bukura. Tuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini. Tuna maafisa wa mifugo wa kaunti, na tuna wafugaji ambao wameingia katika ufugaji wa ng'ombe wa maziwa kwa bidii. Mafuvu makavu yaliyochemshwa na kusafishwa yanaweza kupigwa picha saa ambazo mashine haina mgonjwa, kwa idhini na kwa malipo yanayostahili, ili wanafunzi wawe na picha za ng'ombe wetu wenyewe, zebu na chotara. Vitabu vingi vya anatomia huonyesha ng'ombe wa Ulaya. Si vibaya mtoto wa Butsotso asome kichwa cha ng'ombe wa kwao.

Tukumbuke pia kwamba kule Gusii walikuwapo wataalamu wa jadi waliofungua fuvu la mtu aliyeumia kichwani. Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe, waliofundishwa, na haikuachiwa kila mwenye kisu kikali. Ikiwa wazee wetu waliheshimu fuvu kiasi hicho, sisi tunapata wapi ujasiri wa kumwita kijana yeyote mwenye waya?

Nchi hii ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360, na tangu mwaka wa 2011 ina sheria inayoeleza ni nani anayeruhusiwa kutoa huduma za udaktari wa mifugo. Lakini sheria haitalala zizini kwako. Utakayelala huko, ukimsikiliza mnyama akiugua, ni wewe.

Basi, msomaji mfugaji, nakusihi. Ndama akizaliwa, pitisha kidole kichwani mwake kila wiki. Ukihisi kichipukizi, mwite mtaalamu kabla ya miezi 2 kutimia, na umwulize bila haya kama amekuja na dawa ya ganzi. Kama ng'ombe wako amekwisha komaa na hamdhuru mtu wala mwenzake, mwachie pembe zake. Kama ni lazima zikatwe, kazi hiyo afanye daktari wa mifugo, kwa ganzi, majira ya ukavu inzi wanapopungua, na tundu lifunikwe na kuchunguzwa mpaka lizibe. Akipewa dawa, uliza siku ambazo maziwa hayafai kunywewa wala kuuzwa, na uziheshimu.

Yule mama wa Butsotso sasa ana ndama jike. Mara ya mwisho nilipopita alinionyesha madoa mawili madogo kichwani mwake, yamekwisha kukauka. Aliniambia kwamba ndama alinyonya dakika chache tu baada ya kazi kwisha. Kisha akacheka, akasema: "Huyu, mwanangu, atapumua kwa pua."